Nitamjuaje Mhubiri wa Uongo?

Msimu wa ufuta ukiisha na fedha za mnada zikaanza kuingia, wageni huongezeka vijijini kwetu. Huja wauza vitenge, huja wauza simu, huja wauza dawa za meno na za mende. Na siku hizi huja pia wahubiri wenye vipaza sauti. Hufunga turubai uwanjani, huwasha jenereta, na jioni hiyo kijiji kizima husikia habari za miujiza, kila mtu akiwa kibarazani kwake.

Baadhi ya wasomaji wetu wa Milola wametuuliza swali. Wanasema hivi: wahubiri hawa wote wanashika Biblia ileile, wote wanalitaja jina la Yesu, wote wanasema wametumwa na Mungu. Lakini huyu anasema hivi, na yule anasema vile. Sasa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, tena kwa taa ya chemli, atajuaje nani anasema kweli na nani anadanganya?

Wengine watatushangaa. Watasema, "Nyie watu wa elimu ya watu wazima, dini inawahusu nini? Si mtuambie habari za mbolea na viuatilifu vya mikorosho!" Ni kweli, serikali yetu haina dini. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kufuata dini anayoitaka, au kutofuata yoyote. Kwa hiyo hatutasema kanisa fulani ni zuri na kanisa fulani ni baya. Hiyo si kazi yetu. Lakini kusoma ni kazi yetu, na swali hili ni la kusoma. Tena ni swali la uhai wa watu, kama tutakavyoona. Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi huku pwani, nao wasiliruke gazeti hapa. Mhubiri wa uongo na mganga wa uongo ni mtu na nduguye, na mbinu zao ni zilezile.

KITABU CHENYEWE KINASEMAJE?

Wakristo wengi huona aibu kumhoji mhubiri. Wanadhani kuuliza ni kukosa imani. Hebu tufungue Biblia yenyewe tuone.

Katika Mathayo sura ya 7, kuanzia mstari wa 15, Yesu anawaonya wafuasi wake kwamba watakuja manabii wa uongo, kwa nje wanaonekana kondoo, kwa ndani ni mbwamwitu. Halafu anawapa kipimo: mti hujulikana kwa matunda yake. Hakusema tuwatambue kwa sauti kubwa. Hakusema tuwatambue kwa suti, wala kwa wingi wa watu uwanjani. Alisema matunda.

Sisi wakulima tunalielewa neno hilo kuliko watu wa mjini. Matunda hayaonekani siku ya kupanda. Mkorosho utaupanda, utaupalilia, utaukinga na moto, na itapita miaka mitatu hivi ndipo uanze kuona korosho za kwanza. Basi mhubiri anayefika Ijumaa na kuondoka Jumapili na mfuko wa fedha, matunda yake utayaona lini? Padri, mchungaji au mwalimu wa dini aliyekaa nanyi miaka kumi, mkamwona akizika wafu wenu, akilima, akigombana na mkewe na kupatana, huyo mnaweza kumpima. Yule wa turubai hamwezi kumpima bado. Hatusemi ni mwongo. Tunasema bado hajapimwa.

Tufungue tena Matendo ya Mitume, sura ya 17, mstari wa 11. Hapo tunasoma habari za watu wa mji wa Beroya. Mtume Paulo alikwenda kuwahubiria. Walimpokea vizuri, wakamsikiliza kwa hamu. Lakini kila siku walirudi kwenye Maandiko kuchunguza kama anayoyasema ndivyo yalivyo. Sasa je, Paulo alikasirika? Aliwaambia wamelaaniwa? Hapana. Kitabu kinawasifu watu hao. Kama mtume Paulo mwenyewe alichunguzwa na watu wa mji mdogo, nani leo aseme yeye hachunguzwi? Katika barua ya kwanza ya Yohana, sura ya 4, mstari wa 1, waumini wanaambiwa waziwazi wasiziamini roho zote bali wazijaribu kwanza. Hiyo ni amri.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Katika Mathayo sura ya 4, Shetani anapomjaribu Yesu, anatumia Maandiko. Ndiyo, Shetani anasoma Zaburi! Anachukua maneno ya Zaburi ya 91 na kumtaka Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, eti malaika watamdaka. Yesu hakusema Zaburi hiyo ni ya uongo. Alimjibu kwa andiko jingine, kuonyesha kwamba hilo la kwanza limetumiwa vibaya. Basi kutaja sura na mstari peke yake si ushahidi kwamba mtu anasema kweli.

Wanakisomo mtakumbuka mambo ya barua. Zamani, kabla hatujajua kusoma, barua ya mtoto aliye Dar es Salaam tulisomewa na mtu mwingine. Tuseme mtoto ameandika: "Uzeni mbuzi kama mvua haitanyesha." Msomaji naye anawataka mbuzi wako kwa bei ya chini. Anakusomea "Uzeni mbuzi" halafu anaikunja barua. Je, amesema uongo? Maneno hayo yamo ndani ya barua. Lakini umedanganywa, na mbuzi wamekwenda. Hivyo ndivyo mstari mmoja wa Biblia unavyoweza kukatwa na kutumiwa. Dawa yake ni kusoma mstari uliotangulia na mstari unaofuata. Ukiweza, soma sura nzima. Mhubiri wa kweli hatakukataza. Yule anayesema "msisome wenyewe, mtachanganyikiwa, njooni niwafafanulie mimi," huyo mwulize anaogopa nini.

Na kitabu kipo. Askofu Edward Steere, Mwingereza aliyefanya kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili huko Unguja, alipita hapa Lindi mwaka 1876 akiwa na watu waliokombolewa utumwani, wakaenda kuanzisha makao Masasi. Biblia nzima ilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1891, baada ya yeye kufariki. Tangu hapo hakuna sababu ya mtu mmoja kukalia kitabu peke yake.

MAMBO YALIYOTOKEA KWELI

Labda mtasema tunatia chumvi. Tuone basi yaliyotokea kwa majirani zetu, na kwetu pia.

Kanungu ni mahali kusini-magharibi ya Uganda. Huko lilikuwapo kundi lililoongozwa na Joseph Kibwetere na mwanamke aitwaye Credonia Mwerinde. Walidai kwamba Bikira Maria huwatokea na kuwapa ujumbe. Waumini waliuza mali zao na kuleta fedha kwa kundi. Walikatazwa kuongea ovyo, wakawa wanaonyeshana kwa ishara za mikono. Walifundishwa kwamba dunia itakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Siku ikafika, ikapita. Kesho yake jua likachomoza kama kawaida. Watu wakaanza kudai mali zao. Wakubwa wakataja siku nyingine. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao likaungua moto, na mamia ya watu walikuwamo ndani, watoto kwa wakubwa. Baadaye maiti nyingine nyingi zilikutwa zimefukiwa katika nyumba nyingine za kundi hilo.

Angalieni neno moja katika habari hii: tarehe. Marko sura ya 13, mstari wa 32, inasema hakuna aijuaye siku ile wala saa ile, hata malaika, hata Mwana. Mstari huo ni mfupi. Mtu aliyehitimu kisomo anaweza kuusoma kwa muda mfupi kuliko kuvuta ndoo moja kisimani. Watu wangeushika mstari huo mmoja tu, wangemwuliza Kibwetere tarehe yake kaipata wapi.

Habari ya pili ni ya karibu zaidi, ya pwani hii hii ya Waswahili. Huko Kenya, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, mhubiri Paul Mackenzie alikuwa na wafuasi waliokwenda kukaa porini. Kwanza walifundishwa kuwa shule ni mbaya na hospitali ni mbaya. Watoto wakatolewa shule. Halafu walifundishwa kufunga wasile wala wasinywe, ili wakutane na Yesu. Mwezi Aprili mwaka 2023 polisi walianza kufukua makaburi. Maiti zilizofukuliwa zilizidi 400, na nyingi zilikuwa za watoto. Mackenzie alifikishwa mahakamani kwa mashtaka mengi, yakiwamo ya mauaji ya watoto 191, naye aliyakana. Mwaka 2025 maiti nyingine zilifukuliwa mahali paitwapo Kwa Binzaro, si mbali na hapo.

Ndugu wasomaji, watu wale hawakuanza siku ya kwanza kwa kuambiwa wafe njaa. Nani angekubali? Walianza kwa jambo dogo: acha shule. Kisha acha dawa. Kisha acha ndugu zako, maana hawajaokoka. Kisha uza shamba, tuhamie porini. Kila hatua ilikuwa fupi, na kila hatua ilimtoa mtu mbali zaidi na wale ambao wangeweza kumwambia, "Wewe, umepotea!" Ilipofika hatua ya mwisho hakuwapo mtu wa kumwambia. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumwogopa ni yule anayekutenga na watu wako.

Kwetu Tanzania tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, palikuwa na mkutano wa mhubiri Boniface Mwamposa. Jioni watu waliambiwa wapite kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Kila mtu akataka kuwahi. Wakasukumana, wakaangukiana, na watu 20 wakafariki. Hatusemi hapa mhubiri huyo ni wa kweli au wa uongo. Tunasema kitu kimoja tu: watu 20 walikufa wakigombea kukanyaga mafuta. Kama Mungu ni wa wote, mbona aliyechelewa asipone? Hofu ya kuchelewa ndiyo iliyoua pale. Mtu akikuambia baraka ni ya leo tu, ya dakika hii tu, ya watu mia wa kwanza tu, kaa chini. Hiyo ni lugha ya mnada.

SI KILA ANAYEKOSEA NI MWONGO

Hapa tunataka kwenda polepole.

Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Loliondo. Katika kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyeitwa Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi ya mti uitwao mugariga. Alisema ameonyeshwa na Mungu katika ndoto. Bei yake shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi. Walikwenda maskini, walikwenda mawaziri, walitoka hata Kenya na Uganda. Baadhi ya wagonjwa walitolewa vitandani hospitali, wakafia njiani au kwenye foleni. Wenye virusi vya ukimwi, wako walioacha dawa zao kwa kuamini wamepona. Watafiti wa serikali waliichunguza dawa ile, na haikuthibitika kuwa inaponya ukimwi. Babu alifariki mwaka 2021.

Je, Babu alikuwa tapeli? Sisi tunaona bei ya shilingi 500 si bei ya tapeli. Yawezekana kabisa aliamini kwa moyo wake wote. Lakini ukweli wa moyo wa msemaji si ukweli wa jambo analolisema. Mtu anaweza kukuelekeza njia ya Nachingwea kwa nia safi kabisa, ukajikuta Liwale. Ndiyo maana haitoshi kusema, "Lakini yule ni mtu mwema." Uliza pia jambo lenyewe: limepimwa?

Sisi watu wa kusini tuna kumbukumbu yetu juu ya haya. Mwaka 1905 Kinjikitile wa Ngarambe, upande wa Rufiji, aligawa maji, na watu wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Vita vikaanzia Umatumbi vikaenea kusini yote. Watu wale hawakuwa wajinga. Walichoshwa na viboko, kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu, na maji yale yaliwaunganisha makabila yaliyokuwa mbalimbali. Tunawaheshimu, nao ni mashujaa wetu. Ila risasi zilibaki risasi. Kinjikitile alinyongwa Mohoro, na njaa iliyofuata vita iliua watu wengi kuliko bunduki. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba shida ikiwa kubwa, mtu hushika ahadi yoyote. Mhubiri wa uongo hatafuti wajinga. Hutafuta wenye shida: aliyefiwa, mgonjwa wa muda mrefu, mwanamke asiyepata mtoto anayesemwa na mawifi, kijana aliyekosa kazi. Na sisi sote zamu yetu hufika.

JINSI MIUJIZA YA UONGO INAVYOFANYWA

Mhubiri anasimama na kusema, "Naonyeshwa mtu hapa, anaumwa mgongo!" Watu 300 wamekaa uwanjani, wote wametoka kuvuna ufuta kwa kuinama. Nani haumwi mgongo? Watainuka 20. Au anasema, "Kuna mama hapa amepoteza mtoto." Katika vijiji vyetu, ni mama gani wa makamo hana kaburi la mtoto? Mwenye jambo hilo hushtuka, hulia, huona ametajwa yeye. Wakati mwingine wasaidizi hutangulia siku mbili tatu, wakanunua maandazi, wakakaa na akina mama kisimani, wakauliza habari. Mhubiri akija, anajua majina.

Halafu kuna ushuhuda. Mtu anapanda jukwaani, anasema alikuwa kipofu sasa anaona. Ni wa wapi? Haijulikani. Ametoka mji mwingine. Mwulizeni jina la kijiji chake na la mwenyekiti wake. Mkipona ninyi, majirani watajua. Akipona mgeni, atajua nani?

Sababu kubwa zaidi ni ya hesabu, na tunaomba mwisome polepole. Tuchukue watu mia wenye homa, kikohozi, maumivu ya tumbo na ya viungo. Hata wasipofanya lolote, wengi wao watapata nafuu ndani ya wiki moja au mbili, maana ndivyo mwili ulivyoumbwa. Sasa watu mia hao wakiombewa Jumatatu, wengi watakuwa wazima Jumatatu ijayo. Watatoa ushuhuda kwa furaha, na hawadanganyi. Wachache watazidiwa, na pengine wawili watakufa. Hao wawili hawaji kwenye kipaza sauti. Maiti haitoi ushuhuda. Basi mikutano husikia waliopona tu, hata kama walipona wenyewe.

Tena kuna maradhi yanayojificha. Mwenye virusi vya ukimwi anayetumia dawa vizuri hujisikia mzima kabisa. Virusi hupungua mpaka kipimo cha damu hakivioni. Mtu huyo akiombewa, akaambiwa amepona, ataitika, "Ndiyo, najisikia mzima!" Ni kweli anajisikia mzima, lakini ni kwa sababu ya dawa. Akiiacha, virusi huzaliana tena kimyakimya, na mwili huanza kuvunjika akiwa amekwisha kutoa ushuhuda mara nne. Ndivyo ilivyo kwa kifua kikuu, ambacho kwa kawaida dawa zake ni za miezi sita, wakati kikohozi hukoma mapema zaidi. Ndivyo kwa shinikizo la damu, ambalo halina maumivu mpaka siku linapokuangusha. Na mwenye kifafa akiacha vidonge ghafla anaweza kuanguka motoni au kisimani.

Je, kuomba ni kubaya? Hasha! Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unawataka wagonjwa waombewe. Lakini tusome na mengine. Luka, aliyeandika Injili, ametajwa katika Wakolosai 4, mstari wa 14, kuwa ni tabibu. Paulo hakumwambia aache kazi yake. Na katika Luka sura ya 17 Yesu alipowaponya wakoma kumi aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao siku zile ndio waliokuwa na kazi ya kuthibitisha kuwa mtu ametakasika ukoma. Yaani, nenda ukapimwe! Hapa kwetu wamisionari walioleta Injili ndio waliojenga hospitali za Ndanda na Nyangao. Waliomba kanisani asubuhi, wakaingia wodini. Kwa hiyo mtu akikuambia umepona, mjibu kwa adabu, "Ahsante, mtumishi. Kesho nakwenda zahanati wanipime, na dawa naendelea nazo mpaka daktari aseme." Ukiona amekasirika, umekwisha kupata jibu lako.

HABARI YA FEDHA

Wahubiri wengi wa siku hizi hupenda neno mbegu. "Panda mbegu!" Yaani toa fedha, utavuna mara mia. Jamani, sisi na mbegu tunafahamiana. Mbegu ya ufuta ukiipanda leo, unajua wiki gani itachomoza. Isipochomoza, unarudi kwa aliyekuuzia na unamwuliza. Sasa mbegu ya shilingi 50,000 isipoota, unaambiwa imani yako ilikuwa ndogo, panda nyingine! Bwana shamba angesema hivyo tungemfukuza.

Sadaka ni jambo jema. Kanisa lina paa la kuezeka, na mchungaji naye anakula. Sadaka ya kweli hutolewa kwa hiari, huandikwa, husomwa mbele ya waumini, na mtu anaweza kuuliza imetumikaje, kama tunavyouliza kwenye chama cha msingi. Lakini kulipia maombi ni biashara. Kununua maji, mafuta, chumvi au kitambaa ili upone ni biashara.

Someni wenyewe kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 5. Ni hadithi tamu. Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwa na ukoma. Akaenda kwa nabii Elisha na fedha, dhahabu na mavazi mengi. Elisha alimwambia aoge mtoni Yordani mara saba. Akapona. Akataka kutoa zawadi, Elisha akaapa hapokei. Naamani akashika njia. Lakini Gehazi, mtumishi wa Elisha, akamkimbilia nyuma, akamdanganya kuwa bwana wake amepata wageni na anahitaji fedha na nguo. Akapewa, akaficha nyumbani. Elisha akajua. Ukoma wa Naamani ukamshika Gehazi. Na katika Matendo sura ya 8, Simoni mchawi wa Samaria alipotaka kununua karama kwa fedha, Petro alimkemea vikali sana. Yesu naye, katika Mathayo 10, mstari wa 8, anawaagiza wanafunzi wake kwamba walichopata bure wakitoe bure. Basi anayeuza chupa ya maji kwa bei ya gunia la mihogo anafuata mfano wa nani hapo, Elisha au Gehazi?

Jambo jingine la hatari ni kutaja wachawi. Mhubiri anamwambia mgonjwa, "Aliyekuloga ni mwanamke mzee, mweusi, yuko ndani ya ukoo wako." Kila ukoo una mwanamke mzee. Lambalamba wamefanya hivyo hivyo vijijini, wakagawa watu. Mhubiri anaondoka zake kesho, lakini bibi anabaki kijijini na jina hilo. Katika nchi yetu wazee wameuawa kwa maneno ya namna hii. Neno kama hilo likisemwa katika mkutano, msinyamaze. Mwenyekiti wa kijiji aarifiwe jioni ileile, na polisi pia.

Serikali ya kijiji inayo haki ya kumwuliza mhubiri mgeni cheti. Makanisa na madhehebu huandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya, katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Tusichanganye mambo lakini. Cheti kinaonyesha kuwa jumuiya inajulikana. Hakithibitishi kwamba mafundisho ni ya kweli. Hilo mtalipima wenyewe, kama watu wa Beroya.

NA ALIYEKWISHA KUINGIA?

Swali la mwisho lilitoka kwa mama mmoja. Anasema dada yake amejiunga na kundi linalokataza dawa, haji tena nyumbani, na akikutana naye njiani humpita. Afanyeje?

Kwanza, asimcheke. Mtu anayechekwa huzidi kung'ang'ania. Wala asianze kwa kumtukana mhubiri wake, maana dada atamtetea. Aende akamsaidie kupalilia. Amwulize maswali kwa upole: dawa mliambiwa muache kwa mstari gani? Tuusome pamoja? Wamo watu waliotoka katika makundi ya namna hiyo kwa sababu ndugu mmoja tu hakuacha kupita mlangoni.

Kama kuna watoto wanaonyimwa chakula, dawa au shule, hapo hakuna upole wa kungoja. Sheria inawalinda watoto dhidi ya hata wazazi wao. Mtendaji wa kijiji au wa kata aambiwe siku hiyohiyo, na ofisa ustawi wa jamii na polisi.

Na kadi ya kliniki ya huyo dada, kama aliitupa jalalani, iokoteni mkaipanguse. Iwekeni sandukuni pamoja na vyeti vya watoto. Akirudi, hata baada ya mwaka, mpelekeni nayo zahanati. Waganga watamwandikia dawa upya.